Patroni Yenye Jina la Bilonda

Sokoni Manika, hapa Kolwezi, upande wa mifuko mitupu ya saruji, hakuna anayekwenda kutafuta mapenzi. Wanakwenda wauza makaa, wanakwenda watu wa kuziba mapaa ya vibanda, na mara mojamoja anakwenda mshonaji kama Bilonda. Siku hiyo alikuwa amechuchumaa mbele ya rundo, blauzi ya njano, kikwembe cha buluu kimekazwa kiunoni, anavuta mfuko, anaukung'uta, anauinua juani kuona kama karatasi ya ndani ina tundu, anaurudisha. Vumbi la saruji lilimfika viwikoni. Muuzaji alikuwa ameanza kununa.

Kijana mmoja aliyekuwa akishusha mifuko mingine kutoka kwenye mkokoteni alisimama kumtazama. Alivaa shati jeupe, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Nani anavaa shati jeupe kushusha mifuko ya saruji? Gradi ndiye huyo. Ukimzoea utaona kwamba mambo yake mengi huyafanya kwanza, kisha ndipo anayafikiri.

"Mama, weye unashona," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Mwenye makala anachagula mufuko ya nguvu. Weye unachagula karatasi."

Bilonda alicheka bila kutaka. Kijana akajieleza: alikuwa mtunza stoo kwenye jengo moja linalojengwa Dilala, na marehemu baba yake, Tata Mwamba, alikuwa mshonaji kwenye zile nyumba za zamani za kampuni ya madini. Naye alikata patroni zake kwenye karatasi hiyohiyo. Patroni ni karatasi zinazokatwa kwa umbo la kila kipande cha nguo, kisha kitambaa kinakatwa kwa kuzifuata, na hapa kwetu karatasi ya mfuko wa saruji inapendwa kwa sababu haichaniki ovyo na pini inashika. Gradi alikulia chini ya meza ya kukatia. Hakujua kushona hata kifungo, lakini ungemwekea patroni mbele yake angekuambia mwenye nguo ni mnene wapi, amekonda wapi, na bega lipi limeshuka.

Bilonda alisema hayo ni maneno ya wanaume wa sokoni. Gradi akasema basi amwonyeshe patroni moja, aisome. Kwa hiyo wakaenda wote, yeye akibeba mifuko, na lile shati halikuwa jeupe tena walipofika.

Chumba cha kushonea kilikuwa barabarani, mlango wa kijani, mashine karibu na mlango kwa ajili ya mwanga, pasi ya makaa juu ya tofali. Jirani yake, mama Ntumba, aliuza maandazi na vocha za simu, na habari alizigawa bure. Gradi alianza kupita hapo kila jioni akitoka kazini. Mara karanga, mara soda, mara hana kitu ila mdomo wake. Alikaa kwenye benchi la wateja na kusimulia habari za baba yake, na Bilonda alikanyaga mashine polepole ili asikie vizuri.

Alimsimulia habari ya mikunjo. Zamani, msichana wa kwaya aliyekuwa mjamzito kabla ya harusi alimwendea Tata Mwamba kwa mlango wa nyuma. Mzee alipandisha kiuno cha gauni mpaka chini ya kifua, akaweka mikunjo miwili mbele. Ukisimama, mikunjo imelala, hakuna anayeiona. Ukikaa, inafunguka na kuachia tumbo lipumue.

"Baba alikuwa naiita mikunjo ya kulala," Gradi alisema. Akachukua chaki akamchorea mezani namna ilivyokuwa.

"Na weye unanifundisha mi hii juu ya nini?"

"Juu ujue. Haiko ya weye, roho yangu. Ya weye itabana ku kiuno mpaka bantu basahau kuimba."

Walipendana. Sitazunguka hapo, mtaa mzima ulijua. Kazi ngumu ilikuwa kwa wazazi. Ukoo wa Gradi ulitoka kaskazini ya Katanga. Wa Bilonda ulitoka Kasai, babu aliletwa na kazi ya mgodi, na baba yake, Tata Kabasele, aliuona mwaka ule familia kama yake zilipofukuzwa majumbani na Wakatanga na kulala kituoni zikingoja treni ya kuwapeleka Kasai ambako wengi hawakuwahi kufika. Alirudi baadaye. Lakini hakusahau nani walisimama barabarani wakitazama. Gradi alikwenda kukaa naye Jumapili baada ya Jumapili, akamsikiliza, hakumtetea mtu wala hakujitetea. Mwishowe mzee alimwambia binti yake kwamba kijana alete watu wake.

Hapo ndipo Gradi alipopata kazi nzuri zaidi Kisenge, mji wa machimbo ya manganizi, mbali kwa barabara mbaya. Walikubaliana aende, ajipange, kisha aje kuoa. Kabla ya kuondoka alitaka jambo moja: Bilonda akate patroni ya gauni lake mwenyewe la arusi, ili akirudi aikute ukutani. Bilonda alijipima, Gradi akishika ncha ya meta. Karatasi zilipokwisha kukatwa, Gradi alichukua kalamu nene ya buluu akaandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa, katikati ya kipande cha mbele: BILONDA. Wakazitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Kutoka Kisenge alipiga simu akipata mtandao, na kuupata ilibidi apande kilima.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, chéri. Unakula?"

"Nakula bukari na mawazo yako."

"Mawazo haishibishe. Kulako bukari na samaki."

Mama Ntumba alisikiliza simu hizo zote, na alipouliza habari za Kisenge ilikuwa ni kutaka kuhakikisha tu.

Sasa anaingia Shekina, dada mdogo wa Gradi. Sauti yake ndiyo iliyoanzisha nyimbo kanisani kwao, na harusi yake ilikuwa imepangwa kiangazi. Baba hayupo, kwa hiyo Gradi, kaka mkubwa, ndiye angemshika mkono na kumpeleka mbele. Gauni lilikuwa la Bilonda kulishona, zawadi ya wifi. Lilikuwa gauni la arusi pekee katika chumba kile msimu huo, na kila mtu alijua. Mtindo ulichaguliwa kwenye picha: la kubana, kiuno mahali pake. Picha hiyo Shekina alimtumia kaka yake Kisenge.

Mchana mmoja Shekina aliingia, akafunga mlango wa kijani, akakaa kwenye benchi na kuweka mkono tumboni. Hakuhitaji kusema mengi. Mchumba alikuwa yuleyule, harusi ilikuwa ileile, lakini kanisa lao lilikuwa na sheria: bibi arusi aliyetangulia mambo hapiti katikati ya kanisa, havai shela, ile voile. Anabarikiwa ofisini kwa mchungaji, watu wachache, nyimbo hakuna. Na mama yao, Mama Brigitte, alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa hilohilo, mwenye presha.

"Nakulomba, yaya," Shekina alisema, na yaya kwetu ni dada au kaka mkubwa. "Usiambie muntu. Zaidi yaya Gradi. Ye njo alinilea. Akijua, siwezi kumuangalia tena."

Bilonda aliapa. Siku zilikuwa chache na mabega yao yalikuwa sawa, kifua sawa, kwa hiyo badala ya kuanza upya alitundua patroni yake mwenyewe. Aliikata kiunoni, akakipandisha chini ya kifua, akabandika vipande vipya vya karatasi kwa uji wa unga wa muhogo ili kupanua mbele, akaongeza mikunjo miwili kama alivyochorewa kwa chaki. Jina lake lilipasuliwa katikati, nusu juu, nusu chini. Alijiambia kwamba yake ataikata tena baadaye. Karatasi haikosekani Kolwezi.

Gradi naye, akijifanya mjanja, aliaga Kisenge mapema kuliko alivyosema, apate kumshtua mpenzi wake. Nyumbani alimkuta Shekina, akauliza habari za gauni. Shekina aliogopa, akasema la kwanza lililomjia mdomoni: lilishakwisha, limefichwa kwa shangazi, si vizuri kuliona. Gradi akaridhika, akaoga, akavaa shati jeupe, akapanda pikipiki mpaka Manika.

Bilonda hakuwepo. Alikuwa amekimbia sokoni kununua zipu, fermeture kama tunavyosema hapa. Mama Ntumba alimfungulia Gradi angojee ndani, na mezani, chini ya makasi, patroni ilikuwa imetandazwa.

Mtu mwingine angeona karatasi. Gradi alisoma. Aliona mwandiko wake umekatwa vipande viwili. Aliona kiuno kilichopandishwa, vipande vya kupanua mbele, na mikunjo ya kulala ya baba yake, ileile aliyoifundisha kwa kucheka. Gauni la dada yake lilikuwa kwa shangazi, limekwisha, na ni la kubana. Hili lilikuwa na jina la Bilonda. Na yeye alikuwa Kisenge muda wote ambao tumbo kama hilo linahitaji kuanza. Alitoka bila kumuaga mama Ntumba.

Bilonda aliporudi na kuambiwa nani alikuja, alifurahi hata akajipaka poda kabla ya kuuliza amekwenda wapi. Simu ikalia.

"Uko wapi, roho yangu? Juu ya nini haukungoja?"

"Ile patroni ya ku meza ni ya nani?"

Bilonda alitazama meza. Akaelewa yote mara moja.

"Gradi."

"Iko na jina yangu? Iko na jina ya mama? Iko na jina ya nani?"

Angeweza kusema si yangu. Lakini gauni la arusi chumbani kwake lilikuwa moja, na mtu anayejua kusoma hangehitaji jina la pili. Alimwona Shekina kwenye benchi, mkono tumboni.

"Iko na jina yangu," alisema. "Ngojako mariage ya Shekina ipite. Nitakuambia yote."

"Hata aibu inangojaka mariage siku hizi?"

"Nakulomba, uningoje."

"Nilingoja. Kumbe nilikuwa nangoja mi moja tu."

Simu ikakatika. Bilonda alipiga tena, haikupokelewa. Akapiga kesho yake, ikawa vilevile. Kisha akaacha.

Unangoja nikuambie kwamba alilia. Hakulia. Kilichomshika kilikuwa ganzi. Aliamka, alioga, alifungua mlango wa kijani, alikata satini, alishona. Walipomsalimia aliitika. Chakula hakikuwa na ladha, lakini hakikuwa kibaya pia, alikila kama mtu anayejaza gunia. Siku moja mama Ntumba alisikia harufu, akaingia mbio, akakuta kidole cha Bilonda kimeegemea pasi ya makaa na mwenyewe anatazama barabarani. Ngozi ilikuwa imebabuka. Mama Ntumba alimvuta mkono, akauliza haumii. Bilonda alikitazama kidole, akasema labda.

Habari hazikai. Watu wa Kasai mtaani walisema waliyotaka kusema tangu mwanzo kuhusu watoto wa kaskazini. Tata Kabasele alimsogezea binti yake sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akasema, "Kula." Bilonda alijua kwamba huruma ile ilipaswa kumchoma. Aliisubiri imchome. Haikufika, akala.

Shekina alikuja kujaribu gauni. Alisimama juu ya kiti, satini imemshuka mpaka chini, na katika kioo tumbo halikuonekana hata kidogo. Alisema kaka yake hali vizuri, hasemi na mtu, na akitajiwa Bilonda anatoka nje. Akauliza kama kosa ni lake.

"Simama muzuri," Bilonda alisema, pini zikiwa mdomoni.

"Yaya, kama ni mi, niambie. Nitasema mambele ya bote."

Bilonda alitoa pini mdomoni, moja moja. Hilo lilikuwa jibu la shida yake, limesimama juu ya kiti, linalia. Alitakiwa tu kusema ndiyo. Akafikiri kuhusu Mama Brigitte na kuhusu nyimbo ambazo hazingeimbwa, akafikiri bila moyo kushtuka, kama anayepanga vitambaa kwenye kabati.

"Nilikuapia," alisema. "Simama muzuri, usisonge."

Lilikuwepo jambo lingine, na hilo hakumwambia mtu. Siku ya mwisho, gauni likiwa mezani, alishika pasi juu ya mikunjo miwili. Akiipiga vizuri, hakuna jicho kanisani litakaloiona, hata la mtoto wa Tata Mwamba. Akiipiga vibaya kidogo, Gradi ataona, na atajua. Kupiga pasi vibaya si kuvunja kiapo, si amenyamaza? Makaa yalikuwa yanapoa. Bilonda aliyapuliza, akaipiga mikunjo vizuri, akageuza gauni akaipiga tena kwa ndani. Kazi yake ilikuwa kuficha, akaficha.

Siku ya harusi kanisa lilijaa. Akina mama walikuwa wamevaa kitambaa kimoja cha kijani na dhahabu, kofia za watu zilizuia kuona mbele, na nje malori ya mgodi yalipita yakitikisa madirisha. Bilonda alikaa benchi la nyuma, gauni la kijivu lililompwaya, sindano na uzi mweupe kwenye mkoba, kama anavyokaa kila mshonaji siku ya bibi arusi wake, lisije likafumuka jambo.

Shekina aliingia akiwa ameshikwa mkono na kaka yake. Watu walipiga vigelegele. Gradi alitazama mbele tu. Aliona kiuno cha gauni kiko juu, si kama kwenye picha, akadhani wasichana wamebadilisha mawazo. Hakutaka kufikiri juu ya magauni.

Maharusi walikaa kwenye viti viwili vilivyofunikwa satini. Gradi alikuwa benchi la mbele, karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Shekina alikuwa amekaa sawasawa, maua mapajani, hakuna kinachoonekana. Kisha pete zikaletwa, akahitaji mikono yake. Angeweza kumpa maua msimamizi wake aliyekuwa upande wa kulia. Aligeuka kushoto akampa kaka yake. Kama alifanya kusudi, Shekina hasemi hadi leo.

Gradi alipokea maua, akainua macho, na mikunjo miwili chini ya kifua cha dada yake ilikuwa wazi, imefunguka taratibu kama baba yake alivyotaka ifunguke. Aliiona. Halafu akaona mabega ya gauni, yaleyale aliyoyapima kwa meta akishika ncha. Akaona akilini herufi zake za buluu zilizopasuliwa katikati. Gauni la kwa shangazi halikuwepo na halikuwahi kuwepo.

Pete zikiwa bado hazijavishwa, mchungaji alikuwa anauliza kama yuko mwenye neno juu ya ndoa hii, alitamke sasa au anyamaze siku zote. Kanisa zima likanyamaza. Mama Brigitte alikuwa anafuta machozi ya furaha. Gradi, mwenye neno mdomoni, alinyamaza pia, na akiwa amenyamaza hivyo, maua ya dada yake mkononi, ndipo alipojua Bilonda alikuwa ameshika siri gani kwenye simu siku ile. Aligeuka kumtafuta. Alimwona kule nyuma, amekonda, macho yako kwenye mshono wa bibi arusi.

Alikuja kesho yake mchana, shati jeupe, mfuko wa saruji kwapani. Mama Ntumba aliacha maandazi yaungue.

Gradi alisema yote aliyopaswa kusema. Alisema alisoma vibaya. Bilonda akamwambia alisoma vizuri, hakukosea hata mstari. Gradi akaomba msamaha.

"Nimekusamehe," Bilonda alisema, kwa sauti anayotumia kuwaambia wateja wapite Alhamisi.

"Unaweza kunikubali tena? Nilete bantu?"

"Leta."

Gradi alimtazama. Jibu lilikuwa lilelile alilolitaka, na lilimtia hofu.

"Bilonda, uko na furaha?"

"Sijue, Gradi. Sisikie kitu. Ungeniambia unaenda, ningesema enda. Ni sawa mukono yenye umelalia."

Mwanaume mwingine angechukua lile "leta" akakimbia nalo kwa wazee. Gradi hakulichukua, na kwa hilo nampa sifa. Alisema atangoja mpaka mkono uamke. Akakaa kwenye benchi la wateja kama zamani, na hakurudi Kisenge. Aliomba ruhusa, ruhusa ikaisha, kazi ikaenda na ruhusa. Alipata tena kazi ya stoo, ndogo, hapohapo Dilala, na kila jioni alipita mlango wa kijani. Bilonda alishona. Wakati mwingine walizungumza, mara nyingi hawakuzungumza.

Jioni moja Bilonda mwenyewe alitandaza karatasi mpya mezani. Alisema patroni ya kwanza haifai kitu tena, na hata mwili wake si ule. Gradi alishika ncha ya meta. Kiuno kikarudi mahali pake, kimepungua. Gradi akaandika jina kwa kalamu ya buluu, na kwa sababu mambo yalionekana kwenda vizuri, na kwa sababu ni Gradi, akasema jambo kabla ya kulifikiri.

"Na weye pia, chérie, ungesemako tu neno moja, haingefika huku."

Bilonda aliweka chaki chini.

"Neno moja?"

"Nasema tu."

"Neno gani? Ya kumuvua Shekina voile mbele ya bantu? Ya kumulalisha mama yako ku hôpital?" Sauti ilikuwa inapanda na yeye mwenyewe aliisikia ikipanda. "Weye njo uliandika hii jina. Na mukono yako. Ukaikuta imekatwa, ukashindwa kuniangalia ku macho uniulize. Baba yangu aliikala ku gare na batoto, alingoja train mpaka ikakuya. Weye, Gradi, ulishindwa kungoja nitoke kununua fermeture. Fermeture!"

Alishika karatasi mpya akaikunja, akamtupia. Ikamgonga kifuani, ikaanguka. Masikio yalikuwa yanawaka, na machozi yakaja yenyewe, mengi, ya moto, akiwa bado amesimama na kumtolea macho. Kidole alichokiunguza siku zile kikaanza kuwasha ndani ya kovu. Hasira ndiyo iliyofika ya kwanza, na nyuma yake vikaingia vingine vyote vilivyokuwa vimechelewa: aibu ya mtaani, sahani ya sombe, simu iliyokatika. Alilia kwa sauti. Vocha za mama Ntumba zilikosa muuzaji kwa muda.

Gradi alisimama palepale akangoja. Alijifunza kitu, angalau. Alipoona amepumua, alisema polepole, "Uko na hasira."

"Niko na hasira."

"Asante Mungu."

Bilonda alijifuta uso kwa kikwembe. Alimtazama yule mtu na shati lake lenye alama ya karatasi ya saruji kifuani, na alimpenda, akaumia kwa kumpenda, vyote pamoja.

"Ile jibu nilikupa, nairudisha," alisema. "Uliza tena."

Gradi aliokota karatasi, akaikunjua gotini, akainyoosha kwa kiganja. Akauliza tena. Aliuliza kwa maneno machache, bila mzaha wowote, kama Bilonda atakubali kuwa mke wake.

Bilonda alichukua mkoba wake.

"Ngojako hapa," alisema. "Naenda kununua fermeture."

Akatoka. Hakuharakisha. Alipita kwa muuza nyanya akauliza habari za watoto, akasimama kwa wauza vitambaa akashika lesi ya dentele ambayo hakuihitaji, akachagua zipu, akairudisha, akachagua nyingine. Moyo ulikuwa unampiga kwa nguvu na kila kitu kilikuwa kinauma kidogo, hata mwanga wa jioni juu ya vumbi la barabara. Aliogopa kweli. Aliporudi alipunguza mwendo kwenye kona, akatazama kutoka mbali.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Gradi alikuwa kwenye benchi la wateja, patroni magotini, hajasogea. Mama Ntumba alikuwa amemletea andazi na hajaliuma.

Bilonda aliingia, akaweka zipu mezani.

"Ndiyo," alisema.